Nani Aende Wapi: Kuwapangia Wanafunzi wa Usanifu Mafunzo katika Kampuni za Sherehe na Maonesho

Swali: Mimi ni mratibu wa mafunzo kwa vitendo katika chuo kimoja cha usanifu, Dar es Salaam. Mwaka huu nina wanafunzi 26 wa mwaka wa pili, wa usanifu wa ndani na wa michoro, ambao wataanza mafunzo ya wiki nane katikati ya Julai. Kampuni tisa za sherehe, maonesho na mikutano zimekubali kuwapokea. Mwaka jana wanafunzi walijitafutia wenyewe. Wengi wakarundikana kwenye kampuni mbili zenye majina, na waliobaki wakarudi wakisema walichofanya ni kubeba viti. Nitumie njia gani ya kuwagawa ili kila mmoja apate mahali panapomfaa, nami nisilaumiwe kwa upendeleo?

Jibu: Mwalimu, barua yako ina maswali mawili ndani yake, na ninaomba tuyatenganishe kabla ya kuyajibu. La kwanza ni la haki, yaani nani aende wapi na kwa utaratibu gani. La pili ni la kazi yenyewe, yaani huko aendako mwanafunzi atakuta nini cha kufanya. Waratibu wengi huanza na la kwanza kwa sababu ndilo linaloleta malalamiko ofisini. Mimi ninaanza na la pili, kwa kuwa ukigawa kwa haki kabisa nafasi ambazo hazina kazi ya usanifu ndani yake, utakuwa umegawa viti kwa haki.

Jina la kampuni halimwambii mwanafunzi chochote kuhusu wiki zake nane. Kampuni ile ile inaweza kuwa shule nzuri mwezi wa Juni na ghala tupu mwezi wa Agosti. Kazi ya kuandaa shughuli hupita hatua zinazofuatana: mteja anaeleza anachotaka, mbunifu anachora na kufanya makadirio, vifaa vinanunuliwa na kutengenezwa, mafundi wanafunga ukumbini au uwanjani, shughuli inafanyika, kisha kila kitu kinafunguliwa na kurudishwa stoo. Maamuzi ya usanifu karibu yote hufanyika katika hatua tatu za mwanzo. Mwanafunzi anayewasili Ijumaa ya kufunga anakuta rangi zimeshachaguliwa, mbao zimeshakatwa na vitambaa vimeshashonwa, na kilichobaki kwa mikono yake ni kubeba. Viti havina kosa, na kwa maoni yangu kila mwanafunzi wa usanifu anapaswa kuvipanga mara mbili au tatu, maana ndipo mwili wake unapojifunza kwamba njia ya mhudumu mwenye sinia inahitaji upana kuliko ilivyoonekana kwenye mchoro. Tatizo ni pale anapokuwa amefika baada ya uamuzi, wiki baada ya wiki, bila kuuona ukifanywa hata mara moja.

Kosa hili nimelifanya mwenyewe. Nilipoanza uratibu nilimpeleka mwanafunzi mzuri sana, mwenye mkono mwepesi wa kuchora, kwenye kampuni ya mabanda ya maonesho iliyokuwa ikisifiwa mjini. Alianza tarehe 20 Julai. Kampuni ilikuwa imemaliza Sabasaba wiki moja kabla, na kazi yake kubwa iliyofuata ilikuwa mwishoni mwa Septemba. Kwa wiki tano kijana yule alihesabu paneli na kufua vitambaa ghalani. Kampuni haikumdanganya wala kumdhulumu. Ni mimi ambaye sikuuliza kalenda yao, na hadi leo nikikumbuka daftari lake la kumbukumbu lilivyorudi najisikia vibaya.

Kwa hiyo, kabla ya kumwambia mwanafunzi yeyote neno lolote, iandikie kila kampuni kati ya hizo tisa na uiombe ukurasa mmoja tu. Wakueleze ni kazi zipi wanazotarajia kuwa nazo mkononi kati ya katikati ya Julai na katikati ya Septemba, kila moja iko katika hatua gani katika kipindi hicho, nani atamsimamia mwanafunzi kwa jina na cheo, na mwanafunzi atashika nini kwa mkono wake: michoro ya mpangilio wa ukumbi, vipimo, kadi, mabango, orodha ya vifaa au mfano wa jukwaa. Kampuni isiyoweza kutaja hata kazi moja usiitupe, lakini usiipe wanafunzi wanne. Wengine watakujibu kwamba wateja wao huja dakika za mwisho, na huo ni ukweli wa biashara hii. Hao waombe wakueleze walifanya nini katika miezi hiyo mwaka uliopita.

Ukiwa na kurasa hizo, zilinganishe na kalenda ya nchi. Maonesho ya Sabasaba katika viwanja vya Mwalimu Nyerere, Barabara ya Kilwa, huanza tarehe 28 Juni na kumalizika tarehe 13 Julai, na mabanda yake hujengwa Juni. Wanafunzi wako, wakianza katikati ya Julai, wanayakosa yote. Lakini Nanenane huanza tarehe 1 Agosti na kufikia kilele tarehe 8, katika viwanja vya kanda mbalimbali kama Nzuguni, Dodoma, na John Mwakangale, Mbeya, na mabanda yake huchorwa na kujengwa wiki mbili zile zile ambazo wanafunzi wako ndio kwanza wanaingia. Mwanafunzi wa usanifu wa ndani anayetaka kujifunza banda apelekwe kwa kampuni yenye kazi ya Nanenane, hata kama jina lake ni dogo, naye aandaliwe mapema kwamba huenda akasafiri. Kampuni inayoishi kwa mikutano ya Kituo cha Kimataifa cha Mikutano Arusha au cha Julius Nyerere hapa Dar es Salaam ina mzunguko mwingine, kwa kuwa mkutano mkubwa hupangwa miezi mingi kabla na mwanafunzi anaweza kukuta kazi za nembo, vitambulisho, alama za kuelekeza wageni na jukwaa zikiwa katikati. Kwa upande wa Zanzibar, tamasha la Sauti za Busara hufanyika Februari, hivyo anayeitamani kazi hiyo hataipata katika likizo yako ndefu, na ni vizuri akaambiwa hivyo waziwazi kuliko kuachwa na matumaini.

Sasa harusi. Ninajua kwamba wanafunzi wengi, na hata baadhi ya walimu wenzetu, huiona kampuni ya mapambo ya harusi kuwa ya daraja la chini kuliko ya maonesho au ya matamasha. Sikubaliani nao hata kidogo, na ningependa uwaeleze wanafunzi wako kwa nini kabla hawajajaza fomu. Kwanza ni suala la wakati: kwa miaka hii Kwaresma na mfungo wa Ramadhani vinaangukia miezi ya mwanzo ya mwaka, kwa hiyo Julai hadi Septemba hakuna kinachozisimamisha harusi za Waislamu wala za Wakristo, na kampuni ya mapambo huwa na kazi karibu kila Jumamosi. Katika wiki nane mwanafunzi anaweza kuona kazi sita au saba zikianza na kumalizika, jambo ambalo halipati kwenye mkutano mkubwa mmoja. Pili, na hili ndilo lenye uzito, harusi ya mjini hapa inaendeshwa na kamati, na kamati inaendeshwa na michango. Mpambaji anapokaa na kamati kwenye kikao cha kwanza, bajeti iliyopo mezani ni ya ahadi. Fedha taslimu huja polepole, nyingine haziji kabisa, na wiki ya mwisho mwenyekiti anapiga simu kusema kwamba fungu la mapambo limepungua kwa theluthi.

Hapo ndipo usanifu unapojulikana. Mpambaji asiyejua kazi yake hukata kidogo kila mahali, na ukumbi mzima unaonekana umepungukiwa. Anayejua alishachora tangu mwanzo akijua kitakachotangulia kuondoka: meza kuu na njia ya maharusi havigusiki, maua mabichi ya meza za wageni yanaweza kuwa mashada machache makubwa badala ya mengi madogo, kitambaa cha dari kinaweza kuachwa kabisa ikiwa taa zimepangwa kuufanya ukuta ndio uonekane. Mwanafunzi akiuona mchoro mmoja ukipungua hivyo bila kuharibika, na akaelezwa kwa nini kitu fulani kiliondoka na kingine kikabaki, amejifunza jambo ambalo mimi darasani ninashindwa kulifundisha, kwa kuwa zoezi la darasani halina mwenyekiti anayepiga simu Jumatano usiku. Wanafunzi wa michoro nao wanapata chao. Kadi ya mwaliko, ya karatasi au ya kutumwa kwenye simu, kadi ya mchango, bango la mlangoni na majina ya meza vyote vinapaswa kuwa familia moja, na rangi ya kitambaa kilichonunuliwa Kariakoo lazima ifanane na rangi iliyochapwa, wakati kioo cha kompyuta kinaonyesha rangi ya tatu. Hakuna namna ya kulijua hilo vizuri kuliko kusimama na kipande cha kitambaa mkononi mbele ya mashine ya uchapaji.

Nikirudi kwenye swali lako la haki, ugumu ulioupata mwaka jana una historia ndefu na una ufumbuzi unaojulikana. Katika miaka ya 1940 hospitali za Marekani ziligombania madaktari wanafunzi wa mwaka wa mwisho kiasi kwamba ofa zilitolewa hadi miaka miwili kabla ya kuhitimu, na zilipozuiwa kufanya hivyo zikaanza kumpa kijana saa chache tu za kukubali au kukataa. Mwaka 1952 walianzisha mgawo wa pamoja, ambapo kila upande unaandika orodha ya mapendeleo yake na kituo kimoja kinalinganisha. Miaka kumi baadaye, 1962, wanahisabati David Gale na Lloyd Shapley walichapisha utaratibu wa namna hiyo pamoja na uthibitisho kwamba daima unafika mahali ambapo hakuna mwanafunzi na taasisi ambao wote wawili wangependelea kuachana na walichopewa ili wachukuane. Shapley na Alvin Roth, aliyeutumia utaratibu huu katika mgawo wa madaktari na wa wanafunzi wa shule, walipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2012. Kwa wanafunzi 26 huhitaji programu yoyote. Meza kubwa, vipande vya karatasi na mchana mmoja vinatosha.

Utaratibu wenyewe ni huu. Kila mwanafunzi anaziandika kampuni kwa mpangilio wa anavyozitaka, na kila kampuni inawaandika wanafunzi kwa mpangilio wake na kutaja idadi ya nafasi ilizonazo. Kila mwanafunzi anaomba kwanza kampuni yake ya juu. Kampuni inawashika kwa muda wale inaowapendelea zaidi kwa idadi ya nafasi zake na kuwaachia wengine, ambao wanaomba kampuni inayofuata kwenye orodha zao. Akija mtu ambaye kampuni inampendelea kuliko mmoja wa walioshikwa, yule wa chini anaachiwa. Hakuna lililo la mwisho mpaka maombi yote yaishe.

Tuchukue wanafunzi wanne, A, B, C na D, na kampuni tatu: ya majukwaa na taa yenye nafasi moja, ya mabanda yenye nafasi moja, na ya mapambo yenye nafasi mbili. A na C wanataka majukwaa, kisha mabanda, kisha mapambo. B anataka majukwaa, kisha mapambo, kisha mabanda. D anataka mabanda, kisha majukwaa, kisha mapambo. Kampuni ya majukwaa imewapanga D, C, B, A. Ya mabanda imewapanga A, C, D, B. Ya mapambo inawakubali wote. Mwanzoni A, B na C wanaomba majukwaa, naye C anashikwa. D anaomba mabanda na kushikwa. A aliyeachiwa anakwenda mabanda, ambako anapendelewa kuliko D, kwa hiyo D anaachiwa. B anakwenda mapambo. D sasa anaomba majukwaa, ambako anapendelewa kuliko C, naye C anaachiwa. C anajaribu mabanda, anakuta A amemtangulia, anaishia mapambo pamoja na B. Mwisho wake D yuko majukwaa, A mabanda, B na C mapambo. Ungekuwa umemtangazia C baada ya raundi ya kwanza kwamba amepata, ungelazimika kumnyang'anya. Ndiyo maana matokeo hayatoki mezani mpaka mwisho.

Utaratibu huu una faida moja ambayo inanifanya niupende kuliko kura au wastani wa alama. Mwanafunzi hapati chochote kwa kudanganya kwenye orodha yake. Akiitaka kampuni kubwa aiandike ya kwanza bila hofu kwamba akiikosa atakuwa amepoteza pia ya pili. Faida hiyo inategemea sharti moja ambalo vyuo hulivunja bila kujua: usimwekee kikomo cha machaguo matatu. Ukiweka kikomo, mwanafunzi mwenye wasiwasi ataanza kukisia na kuandika anakodhani atapata. Mwache apange kampuni zote tisa, na aache tu ile ambayo kwa kweli hawezi kwenda, kwa mfano kwa sababu ya umbali. Wawili wakikuomba wapelekwe mkoa mmoja ili wachangie chumba, wasikilize, lakini ujue kwamba maombi ya jozi huuvuruga uthibitisho wenyewe na wakati mwingine hakuna mgawo tulivu unaopatikana, yaani ule usio na wawili wanaotaka kuachana na walichopewa ili wachukuane. Mimi huyakubali machache na kuyashughulikia kwa mkono baada ya mgawo.

Swali linalobaki ni kampuni zitawapanga wanafunzi kwa kigezo gani, na hapa ninakuomba uwe mkali. Usizipelekee picha wala majina. Zipelekee kurasa tatu za kazi za kila mwanafunzi, zenye namba tu: mchoro mmoja wa mkono wenye vipimo, kazi moja ya kompyuta, iwe ya SketchUp, AutoCAD au CorelDRAW, na maelezo mafupi ya kazi iliyomshinda na jinsi alivyoirekebisha. Ninasema hivi kwa sababu nimeona, tena mara nyingi, binti aliyesomea usanifu akichaguliwa kwa sura, akapewa sare na kusimamishwa mlangoni kupokea wageni kwa wiki nane. Anayetaka kazi ya mapokezi ataiomba kwa jina lake. Kwa aliyetumwa kujifunza usanifu, huo ni wizi wa muda wake, na barua yako kwa kampuni iseme wazi kwamba kazi hiyo haimo.

Barua hiyo hiyo iwe na mambo mengine machache yasiyo na mjadala. Mapambo ya ukumbini mara nyingi hufunguliwa na kuondolewa baada ya saa sita usiku. Mwanafunzi anayebaki mpaka wakati huo arudishwe nyumbani kwa gari la kampuni, na kampuni isiyoweza kuahidi hivyo imruhusu aondoke saa tatu. Nauli na chakula cha siku ya kazi vitoke kwa kampuni. Wapo wanafunzi wanaopata fedha za mafunzo kwa vitendo kupitia Bodi ya Mikopo na wapo wasiopata, na usipolipanga hili mapema, mwenye mfuko mtupu atapunguza mahudhurio na wewe utadhani ni mvivu. Anayepanda ngazi au kusogea karibu na nyaya za umeme asimamiwe na fundi na avae viatu vilivyofungwa. Kuhusu picha, mwanafunzi aruhusiwe kwa maandishi kuonyesha michoro na picha za kazi aliyoshiriki, akitaja sehemu yake na jina la kampuni, na picha hizo zisionyeshe sura za wageni, kwa kuwa harusi ni ya watu binafsi na tangu mwaka 2022 tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi.

Kwa tarehe, zipelekee kampuni ukurasa wa maswali mwezi Machi, wape wanafunzi majibu yao wayasome mwezi Mei, kusanya orodha za pande zote mbili mwanzoni mwa Juni, na utangaze mgawo wiki tatu kabla ya kuanza ili wa Dodoma na Arusha wapate muda wa kutafuta malazi. Bandika kando ya matokeo maelezo ya utaratibu uliotumika, hatua kwa hatua, na umruhusu mwanafunzi yeyote aje akuone upitie naye orodha yake. Nimefanya hivyo kwa miaka kadhaa, na wengi huondoka wakiwa hawakufurahi lakini wameelewa.

Halafu, Mwalimu, ziara yako ya ukaguzi usiifanye Jumanne saa nne asubuhi, wakati msimamizi amekaa ofisini na mwanafunzi amevaa vizuri. Uliza kazi yao inafungwa lini, uende Ijumaa jioni. Mwombe mwanafunzi akuonyeshe ukumbini kitu kimoja alichokichora au kukipima yeye, na akueleze kilibadilika wapi kati ya karatasi na sakafu. Akiweza, ondoka umwache afanye kazi. Asipoweza na ikiwa ni wiki ya pili au ya tatu, bado una muda wa kukaa na msimamizi usiku ule ule na kuomba Jumatatu aitwe kwenye kikao cha mteja.